Kadi za Paka Kumi na Mmoja

Pale kliniki ya wanyama walimwita Bi Kadi, na jina likamganda mpaka wafanyakazi wapya wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya kaunta ileile, mgongo wake ukielekea kabati la chuma lenye droo kumi na mbili. Kila mbwa, paka, sungura na kasuku aliyewahi kupitishwa mlango ule alikuwa na kadi yake mle ndani: jina, umri, rangi, uzito, anafugwa na nani, alikuja akiumwa nini, akapewa dawa gani, akapona au hakupona. Mteja akikanyaga kizingiti tu, kadi imeshatoka.

"Karibu, baba. Yule wako wa sikio lililochanika, bado anajikuna?"

Na baba wa watu anabaki mdomo wazi, maana yeye mwenyewe alishasahau habari za sikio.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mjane, mwembamba, mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni na ulimi usio na breki. Daktari akijaza kadi nusunusu, alimfuata nayo mpaka chumba cha matibabu. "Daktari, hapa uzito hujaandika. Huyu mbwa anaelea hewani?" Wauguzi walicheka, daktari akarudi kwenye mizani.

Mwaka ule Daktari Mkuu, ambaye ndiye mwenye kliniki, aliingiza kompyuta na kuagiza kadi zote zihamishiwe humo. Wengi walidhani Bi Kadi atagoma. Hakugoma. Aliomba tu kiti chenye mgongo, akaanza na droo za paka kwa kuwa paka walikuwa wachache kuliko mbwa.

Sasa, miaka yote ile alikuwa amezisoma kadi mojamoja, kila moja na siku yake, mwenye mnyama akiwa amesimama mbele yake. Kuzisoma zote kwa mfululizo, hakuwahi. Hakuna aliyewahi. Madaktari walikuwa watatu, kila mmoja na zamu yake. Huyu aliona paka wawili, yule watatu, kila mmoja akafunga kadi zake akaenda nyumbani. Lakini kompyuta iliuliza swali lilelile kwa kila mnyama: chanzo cha ugonjwa ni nini? Bi Kadi akawa anajaza. Minyoo. Jeraha. Mafua. Figo. Siku ya nne, asubuhi, akajaza "sumu". Baada ya kadi tatu, "sumu" tena. Saa ya chai ilipofika alikuwa ameliandika neno hilo mara nne, na kikombe kikapoa mbele yake.

Aliikumbuka miaka ya nyuma. Paka wa sumu alikuja mmoja kwa mwaka, na mwaka mwingine hakuja kabisa. Akaacha kompyuta, akazivuta droo za paka mpaka mwisho, akazipekua kwa vidole hadi mchana. Katika miezi kumi na minane tu iliyopita zilitoka kadi kumi na moja. Akazitandaza mezani.

Maneno yalifanana utadhani yamenakiliwa. Anatetemeka. Masikio na uso vinachezacheza. Povu mdomoni. Degedege. Saba kati ya wale kumi na moja walikufa. Na chini ya kadi tisa kulikuwa na mstari uleule, kwa mwandiko wa Daktari Mkuu au wa madaktari wadogo waliomuiga: "Sumu. Mwenye paka aulizwe kama ana ugomvi na jirani."

Kadi ya kumi na moja ilikuwa ya paka wake mwenyewe.

Paka huyo aliitwa Waziri, kwa sababu alikula vizuri, alilala mchana kutwa, na kazi ikitokea hakuonekana. Aliletwa nyumbani na marehemu mume wa Bi Kadi akiwa ndani ya mfuko wa koti, na mume alipofariki yeye ndiye aliyebaki. Bi Kadi aliishi ukuta mmoja na wifi yake, dada wa marehemu, fundi cherehani. Walitumia ua mmoja na bomba moja la maji, na kwa miaka mingi walikuwa chanda na pete. Waziri alikuwa na tabia ya kulala juu ya vitambaa vya wateja wa wifi na kuviachia manyoya.

"Wifi, huyu paka wako iko siku nitamfanyia kitu kibaya," wifi aliwahi kusema, akikung'uta gauni la mtu. Wakacheka wote wawili.

Kisha ikaja siku Waziri alipoanza kutetemeka. Bi Kadi alimbeba kwa taulo, akakimbia naye mpaka kliniki, na Daktari Mkuu akamtazama akatikisa kichwa. "Kapewa sumu huyu, Bi Kadi. Una ugomvi na jirani?" Paka alikufa kabla ya adhuhuri. Na Bi Kadi, machozi yakimtoka, akayakumbuka yale maneno ya gauni.

Alirudi nyumbani akasimama katikati ya ua, akamwita wifi yake muuaji, wapangaji wote wakisikia. Wifi akaapa. Kadiri alivyoapa ndivyo Bi Kadi alivyopandisha sauti. Akamalizia kwa simu: shemeji zake, shangazi wa mume, hata binti wa wifi aliyeolewa mji mwingine, wote wakasimuliwa. Tangu hapo wawili wale hawakusemezana. Wifi alipolazwa hospitali siku tisa kwa homa ya mapafu, Bi Kadi alisikia kupitia ukuta akirudishwa nyumbani, anakohoa, na hakutoka hata kusema pole. Miezi kumi na mitano ilikuwa imepita.

Bi Kadi akavaa miwani vizuri, akaanza kusoma sehemu ya juu ya kila kadi, ile inayoeleza mnyama alikuwa na hali gani kabla ya kuugua. Kati ya wauguzi alikuwamo mmoja, mama mwenye maswali mengi kuliko polisi. Kadi tano zilikuwa zimepita mikononi mwake, na zote tano aliandika jambo moja: "Ameogeshwa dawa ya kupe jana." "Ameogeshwa dawa ya kupe leo asubuhi." Kadi nyingine sita, sehemu hiyo ilikuwa tupu.

Ya Waziri nayo ilikuwa tupu, na mwandiko ulikuwa wa Bi Kadi mwenyewe. Yeye aliyewakimbiza madaktari kwa ajili ya kilo mbili za mbwa, siku ile alikuwa analia, akaandika jina na tarehe akaacha. Lakini hakuhitaji kumuuliza mtu. Alikumbuka beseni, alikumbuka paka akimparura mkono, alikumbuka povu la dawa. Ilikuwa jana yake.

Akageuza kichwa polepole kutazama rafu nyuma yake. Chupa za kijani zilikuwa zimejipanga, kila moja ina picha ya mbwa na paka wamekaa pamoja wanatabasamu. Wakala wa dawa alizileta miezi kumi na minane iliyopita, mtu wa tai na manukato, na siku ya kwanza akampa Bi Kadi moja ya bure. "Hii ni zawadi yako, mama, ukamuogeshe mnyama wako." Zilizobaki, mikono ya Bi Kadi ndiyo iliyozitoa, chupa baada ya chupa, ikiwakabidhi watu na kuwaambia karibu tena.

Alizibeba kadi zote kumi na moja na chupa moja, akaingia chumba cha matibabu bila kubisha. Daktari Mkuu alikuwa anamshona mbwa mguu.

"Daktari, hii dawa inaua paka."

"Ngoja nimalize."

"Sisubiri. Soma."

Daktari alisoma, sindano ikiwa bado mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyezoea kuwa na jibu kabla ya swali kuisha. "Bi Kadi, mbwa wangapi wameogeshwa dawa hii? Hakuna hata mmoja aliyepiga chafya."

"Sisemi mbwa. Nasema paka."

"Watano kati ya kumi na moja. Hao wengine je? Watu wanatega sumu ya panya kila kona."

"Wa sumu ya panya ninazo kadi zao, za miaka ya nyuma. Walitoka damu puani, walitoka damu kwenye fizi. Hawa kumi na moja hakuna aliyetoka hata tone. Wanatetemeka tu mpaka wanakata roho."

Daktari aliweka kadi pembeni. "Wewe ni karani. Kazi niliyokupa ni kuingiza kadi kwenye kompyuta, sio kutibu. Nenda kaingize."

Miaka ishirini na miwili, na hakuwahi kuambiwa hivyo. Alitoka. Hakuingiza kadi. Aliteremsha chupa zote kutoka rafuni, akazifungia ndani ya kabati la mifagio, ufunguo akautia mfukoni, akavuta simu ya kaunta.

Watu watano walibaki wa kuulizwa. Wa kwanza alisema ndiyo, aliogesha, ilikuwa dawa ya kijani, kwani vipi? Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu namba yake haikupatikana, na haikupatikana hata wiki iliyofuata. Wa nne alikataa kabisa: paka wake hakuwahi kuogeshwa, hapendi maji. Bi Kadi alikuwa anataka kukata simu, kisha akauliza tu, "Mbwa je, mnaye?" Walikuwa naye. Aliogeshwa asubuhi ile, na paka alilala juu ya mgongo wake mchana mzima, kama kawaida yao.

Wa tano alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa sauti ya upole. "Ndiyo, niliogesha," akasema. "Mbona unauliza leo, mama?"

Bi Kadi akamweleza. 

"Daktari wenu aliniuliza kama nina ugomvi na jirani," mwalimu alisema. "Sikuwa na ugomvi. Nilipotoka hapo ndipo nikawa nao. Nilimpeleka polisi yule kijana, jirani yangu. Mke wake alikuwa mjamzito. Wamehama, mama. Sijui hata walihamia wapi."

Bi Kadi aliweka simu, akakaa ameushika ukingo wa kaunta. Kumi kati ya kumi na moja. Akatazama tarehe ya mzigo wa kwanza wa zile chupa: paka wa kwanza aliletwa siku kumi na tisa baadaye.

Lakini kilichommaliza kabisa ni lebo. Alichukua chupa moja akaenda nayo kwenye sinki, kwa sababu ukingo wa karatasi ulikuwa umeinuka kidogo na macho yake yalikuwa hayawezi kupita kitu kilichoinuka bila kukivuta. Akamwagia maji ya moto, akakwangua kwa ukucha. Lebo yenye mbwa na paka wanaotabasamu ikabanduka yote. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, ya kiwanda. Hiyo ilikuwa na mbwa peke yake, na pembeni picha ndogo ya paka iliyopigwa mstari mwekundu.

Hakwenda chumba cha matibabu safari hii. Alisimama katikati ya chumba cha kusubiria, palipokuwa na watu saba na wanyama wao, akaita kwa sauti, "Daktari! Njoo umwone huyo uliyekuwa unamwandika jirani, jirani!"

Daktari alitoka uso umemjaa ghadhabu. "Unataka kuniulia kliniki yangu?"

"Kliniki yako imeshaua. Shika."

Aliishika. Akaisoma lebo mara ya kwanza, akaisoma mara ya pili akiwa ameisogeza dirishani. Yale maandishi madogo ya kiwanda yalitaja kiungo chenye jina refu, na jina hilo Daktari alilijua. Alifundishwa chuoni kwamba mwili wa mbwa unakivunja na mwili wa paka haukiwezi. Alikaa kwenye benchi la wateja, kati ya mama mwenye sungura na mzee mwenye mbwa, akafuta uso kwa mkono wenye glovu.

"Nilipaswa kuuliza wameogeshwa nini," akasema.

"Ulipaswa," Bi Kadi akajibu. Hakumpunguzia hata neno. "Wangeogeshwa upya kwa sabuni wakapewa dawa ya degedege, wangepona. Wale wanne waliopona, watatu ni kwa sababu wenyewe waliwaosha kwa kuwa walinuka. Imeandikwa humu. Ungesoma."

Wakala alipoitwa alikuja kesho yake na tai yake na tabasamu lake. "Mama, lebo ni suala la soko tu, wateja wengi wana—"

"Usiniite mama. Mimi sikukuzaa, ningekuzaa ningekulea." Akamwekea mbele kadi moja baada ya nyingine, akimsomea jina la kila paka, umri wake, na saa aliyokufa, mpaka yule bwana akaanza kutazama mlango. Daktari Mkuu ndiye aliyeandika barua kwa ofisi inayosimamia dawa za wanyama, na nakala za kadi kumi na moja zikaambatanishwa. Maofisa walikuja, wakazichukua chupa, wakaenda kufunga ghala la wakala. Ghala lilifungwa. Yeye hakufungwa. Baada ya miezi minne muuguzi alimwona sokoni anauza mafuta ya nywele, tai ileile, na Bi Kadi aliposikia hivyo alivunja kalamu mkononi.

Jambo moja alilishikilia. Alimpelekea Daktari simu na orodha. "Hawa watu mliwauliza kuhusu jirani. Wapigie wewe mwenyewe uwaambie haikuwa jirani." Daktari alipiga simu tatu, ya nne akamnyooshea kifaa, macho mekundu. Bi Kadi akakunja mikono. Daktari akapiga zote, ila ile namba moja isiyopatikana. Tangu hapo hakuna kadi ya kliniki ile isiyouliza mnyama alipakwa, alioshwa au alilishwa nini siku tatu za nyuma, na kompyuta haimruhusu daktari kufunga ukurasa kabla hajajibu. Kila mwisho wa mwezi Bi Kadi huchapisha magonjwa yote ya mwezi kwenye karatasi moja, akaibandika juu ya sinki la madaktari, mahali ambapo lazima wasimame.

Ilibaki nyumbani. Alizunguka siku tano. Alimkasirikia wakala, akamkasirikia Daktari, na kila alipomaliza kuwakasirikia alijikuta amesimama palepale uani, anapiga kelele. Siku ya sita, Jumapili asubuhi, alibisha mlango wa wifi.

Wifi alifungua, tepu ya kupimia shingoni, akamtazama kama anayemtazama mtu aliyekosea nyumba.

"Wifi, hukumuua Waziri. Nilimuua mimi, kwa dawa, bila kujua. Nimekuja kuomba msamaha."

"Nilikwambia hayo siku ileile. Kwamba sikumuua."

"Ulisema."

"Niliapa mbele yako. Niliapa kwa kaburi la kaka yangu. Ukaniambia naongopa mpaka kwa maiti." Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Nimelala hospitali siku tisa. Nesi akaniuliza, huna ndugu karibu? Nikamwambia ninaye, tunashirikiana ukuta."

Bi Kadi alivua miwani, akaiachia ining'inie kwa uzi wake.

"Msamaha nimeusikia," wifi akasema. "Lakini ulinitukana mbele za watu. Nenda mbele za watu ukaseme tena." Akafunga mlango.

Basi alikwenda. Alisimama bombani asubuhi, wapangaji wakiwa na ndoo zao, akasema kilichotokea tangu mwanzo, na wawili kati yao walikuwa wageni wasiojua hata anaongelea nini, ikambidi awasimulie kwanza tusi ndipo awasimulie msamaha. Aliwapigia shemeji zake. Shangazi wa mume akamwambia, "Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba si yeye," na Bi Kadi akauma meno, maana shangazi huyohuyo ndiye aliyesema wakati ule kwamba mwanamke yule tangu utotoni ana roho ngumu. Hakuwa na haki ya kumjibu.

Wa mwisho alikuwa binti wa wifi. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mama alitaka kuhama," akasema. "Alishatafuta chumba. Mimi ndiye niliyemzuia, nikamwambia akihama watu watasema kweli aliua." Kisha akasema ana mtoto analia, akakata simu.

Mwezi ukapita. Wifi alianza kuitikia salamu, salamu tu, akiwa anaangalia pembeni. Bi Kadi hakulazimisha. Aliteka maji yake, akafagia nusu yake ya ua, akaenda kazini. Ndipo siku moja, akitoka, akakuta gari limemshushia wifi jora la kitambaa kizito cha pazia, refu kuliko mtu, limelala mlangoni. Wifi alikuwa analivuta upande mmoja, linagoma, anahema.

Bi Kadi akasimama, mkoba begani, hajui afanye nini na mikono yake.

Wifi akanyanyua kichwa, jasho linamtiririka, amekasirika kwelikweli.

"Sasa unaniangalia nini? Shika upande ule, na usiburuze, ni kitambaa cha mtu."

Akaweka mkoba chini, akashika.